Mlenda Juu ya Reli

Baba mdogo hakuuliza ni nchi gani. Alisogeza kiti karibu na televisheni, akatazama njia inavyokuja, akasema, "Hii ni mita."

"Mita ngapi, baba?"

"Reli yenyewe. Hiyo ni mita moja, kama yetu."

Mimi picha hiyo nilikwisha kuitazama mara nne nikiwa Dar es Salaam, nyakati za usiku ambazo usingizi unakugomea. Nilikuwa nimeona milima yenye theluji, msitu wa rangi ya dhahabu, maziwa, madaraja ya mawe. Upana wa reli sikuuona hata mara moja. Mzee aliuona kabla hajamaliza kukunja miguu. Na alipatia: Reli ya Bernina, inayotoka St. Moritz mashariki mwa Uswisi, ikapanda Alps na kushukia Tirano, Italia, ina upana wa mita moja, sawasawa na reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Zimeachana umri kidogo tu. Hiyo ya Alps ilikamilika 1910. Yetu ilifika ziwani 1914.

Ilikuwa Oktoba, Tabora, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata mbwa anatafuta ukuta wenye kivuli na kuulalia ubavu. Baba mdogo aliendesha treni mpaka alipostaafu: Tabora–Kigoma, Tabora–Mwanza, na mara nyingi Tabora–Dodoma. Nyumba yake haiko mbali na stesheni. Nilikwenda kumjulia hali, na kwa kuwa najua hapendi mpira wala tamthilia, nikamchukulia safari hii kwenye kompyuta, nikaiunganisha na televisheni yake. Shikamoo, marahaba, chai, kisha tukaondoka St. Moritz.

Safari za aina hii zina watu wake dunia nzima. Kamera inawekwa nyuma ya kioo cha mbele, kwenye chumba cha dereva, inaachwa irekodi mwanzo mpaka mwisho. Hakuna msimuliaji, hakuna muziki. Unasikia magurudumu yakilia kwenye kona, kengele ya chombo fulani, pengine dereva anakohoa. Tarehe 27 Novemba 2009 televisheni ya taifa ya Norwei ilirusha safari nzima ya treni ya Bergen kwenda Oslo, zaidi ya saa saba, na watu zaidi ya milioni moja waliitazama angalau kipande, katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu milioni tano. Niliposoma habari hiyo nilicheka. Siku hizi sicheki.

Kinachonivuta ni kile kiti. Abiria hukaa ubavu kwa safari. Anachokiona dirishani kimekwisha fika. Akimwambia mwenzake "ona kule," kimeshapita. Vya karibu vinamkimbia kama ukungu, vya mbali vinazunguka polepole, na yeye katikati, amekaa, anapelekwa. Aliye mbele, mambo yanamjia kwa utaratibu mwingine. Kitu kinaanza kama nukta pale reli mbili zinapokutana, kinakuwa doa, kinakuwa mdomo wa handaki, kisha kinakumeza. Kila taruma linaonekana linakuja, linaingia chini ya miguu yako. Unaona na vitu ambavyo abiria hajui kama vipo: vibao vya mwendo, nguzo zenye namba za kilomita, kuta za mawe zilizozuia mlima usimwagike juu ya njia, mapaa ya kukinga theluji. Unaona, kwa maneno mengine, kazi za watu. Ujenzi ulianza 1906, na wengi waliochimba na kupanga mawe yale walikuwa vibarua wa Kiitalia. Abiria anaona mlima. Mbele kule unaona jinsi mlima ulivyobembelezwa.

Tulipita Pontresina. Juu ya mji huo kuna mlima ambako mchoraji Giovanni Segantini alifia Septemba 1899, akiwa na miaka 41. Alikuwa amepanda akachore milima hii hii mahali inapoonekana vizuri zaidi. Nilimsimulia baba mdogo. Akauliza alikufa kwa nini. Nikasema aliugua tumbo huko juu, mbali na hospitali. "Na treni?" Treni ilikuwa bado. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye reli.

Baada ya hapo ndipo rangi inapoanza, na hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna neno linanisumbua.

Shuleni tulifundishwa kwamba Ulaya wana majira manne na mojawapo linaitwa majira ya kupukutika majani. Ni jina zuri, linaeleza, lakini ni jina la mtu aliyesimuliwa. Wengine husema "vuli." Kwangu vuli ni mvua: zile ndogo za Oktoba mpaka Desemba ambazo mkulima wa pwani anazipigia hesabu, zinazokuja au zisije. Nikiambiwa "msitu wa vuli" naona matope na mbegu ya mahindi. Sioni mti unaoaga. Kwa hiyo nitasema tu Oktoba ya Engadin, bonde ambalo treni inaanzia, na msomaji anivumilie.

Oktoba ya Engadin ni ya mti mmoja. Ni wa jamii ya misonobari, wenyewe wanauita Lärche, mimi nitauita lachi. Ndugu zake wa milima hiyo wote hubaki kijani mwaka mzima, theluji iwafunike isiwafunike. Lachi peke yake hubadilika: vijani vyake, vyembamba kama sindano, vinageuka manjano, kisha rangi ya binzari iliyokolea kwenye mafuta ya moto, kisha vinaanguka vyote. Kutoka kiti cha mbele inaonekana hivi: njia inapinda, ukuta wa mawe unasogea pembeni, na mlima mzima uko mbele yako kama umewashwa kwa ndani. Katikati ya manjano hayo imesimama misonobari mingine, kijani kizito, haikubali. Juu zaidi miti inaisha, kuna majani makavu ya kahawia, halafu theluji. Mara ya kwanza nilipoitazama sehemu hiyo nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Dereva, bila shaka, hakurudisha nyuma.

"Pazuri, sivyo?" nilimuuliza mzee.

"Pana majani," alisema.

Nilisubiri aendelee. Alinyoosha kidole kwenye televisheni, si kwenye mlima, kwenye reli yenyewe, mahali ilipokuwa ikipita chini ya matawi. "Angalia pale. Reli haing'ai."

Nilitazama. Kweli, pale nje, juani, vichwa vya reli vilikuwa vinang'aa kama visu. Lakini chini ya miti vilikuwa na weusi fulani, kama sufuria iliyooshwa haraka. Baba mdogo akanieleza. Jani likianguka juu ya reli, gurudumu la tani nyingi linalisaga. Linakuja lingine, linasagwa juu ya lile. Ikinyesha mvua ya rasharasha, au umande wa asubuhi, hiyo takataka inakuwa utelezi. "Umekula mlenda? Sasa paka mlenda juu ya chuma, halafu weka chuma kingine juu yake, umwambie apande mlima."

Sijawahi kusikia mtaalamu yeyote akieleza vizuri zaidi. Uingereza, ambako jambo hili ni balaa la kila mwaka kuanzia Oktoba, wana treni maalumu ambazo kazi yake ni kupita zikipuliza maji kwa nguvu juu ya reli kuondoa huo mlenda, na kampuni nyingine hubadilisha ratiba kipindi hicho kwa sababu madereva wanalazimika kuanza kufunga breki mapema na kuondoka taratibu. Abiria Waingereza hulalamika na kufanya mzaha: treni imechelewa kwa sababu ya majani! Mzaha huo unatoka kiti cha pembeni.

"Kwetu mlikuwa na majani?"

"Kwetu jongoo." Alicheka. Masika, alisema, wanatoka kwa wingi na wanapenda kulala juu ya reli, sijui wanafuata joto. Treni ya mizigo ikifika mlimani inawasaga, magurudumu yanazunguka palepale, na wewe unabaki kumwaga mchanga. Kichwa cha treni hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku, kuna mirija inayoupuliza mbele ya gurudumu ili lipate pa kushika. Nilidhani ananitania hadi nilipokumbuka kwamba Japani kuna jongoo ambaye watu humwita kabisa jongoo wa treni, hutoka makundi kwa makundi kila baada ya miaka 8, tena majira hayo hayo ya kupukutika majani, na amewahi kusimamisha treni milimani. Nilipomwambia, mzee hakushangaa hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyepewa salamu za jamaa wa mbali.

Treni ilikuwa inapanda sasa. Ilipita Morteratsch, penye stesheni ndogo na njia ya miguu ya kwenda kwenye barafu. Katikati ya karne ya 19 ncha ya barafu hiyo ilikuwa jirani na mahali stesheni ilipo leo. Sasa mtu anatembea zaidi ya kilomita mbili kuifuata, na njiani kuna vibao vyenye miaka, kila kibao mahali barafu ilipokuwa imefika mwaka ule. Kamera haikugeuka kuitazama. Kamera ya mbele haina adabu hiyo ya kugeuka. Mahali ambapo abiria wote wanahamia upande mmoja wa behewa na simu mkononi, yenyewe inatazama ndani ya kona, kwa kuwa huko ndiko kunakotoka kitu.

Nilikuwa nimemwambia baba mdogo tarakimu mbili tatu, nikijua atazipenda. Mlima wake ni saba kwa mia: kila mita 100 za njia, treni imepanda mita 7, na hakuna reli ya meno katikati ya kuishikilia kama zilivyo reli nyingine za milimani, ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, basi. Kona kali zaidi zina nusu kipenyo cha mita 45. Alipiga mluzi kwa kona, lakini kwa mlima alinyamaza. Kisha akasema mlima wa Saranda, ule treni inaopanda kutoka bonde la ufa kwenda Manyoni, haufiki hata nusu ya huo, na kuna usiku aliupanda akiomba dua zote anazozijua.

Kati ya Morteratsch na kilele kuna mahali treni inaingia gizani kwa muda, na hapo lilitokea jambo ambalo katika mara zangu nne sikulizingatia. Kioo cha mbele kiligeuka kioo cha kujitazamia. Mpaka hapo dereva hakuwapo kabisa. Kulikuwa na njia tu, inajileta. Gizani akatokea: mkono mmoja juu ya wenzo, kipande cha fulana ya rangi ya machungwa, taa ndogo za kijani za mitambo zikielea juu ya ukuta wa mawe. Uso haukuonekana. Mkono ulisogea kama nusu inchi. Halafu weupe ukafunguka mbele, kamera ikapofuka kidogo kwa mwanga, na yule mtu akafutika.

"Huyo anajua kazi," baba mdogo alisema.

"Umejuaje?"

"Mkono wake hauna haraka."

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo siku nyingi. Miaka yote ile, mapori yale ya kutoka Tabora kwenda Kaliua na Kigoma, alikuwa anayaona? Maana kila anayesafiri njia ile Septemba au Oktoba anasimulia jambo moja: miyombo. Nchi imekauka, majani ya zamani yamedondoka au yameungua, mvua bado, na miti inatoa majani machanga mekundu. Mekundu kweli, na mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, kilomita kwa kilomita. Mgeni kutoka Ulaya akiyaona anadhani ni yale ya kwao ya kuaga. Lakini miyombo inavaa rangi siku ya kuja. Wiki chache baadaye yanakuwa kijani cha kawaida na hakuna anayepiga picha.

"Nilikuwa nayaona," alisema.

"Uliyatazama?"

Alifikiri. Kwenye televisheni miti ilikuwa imekwisha. Tulikuwa kwenye uwanda wa juu, nyasi za kahawia, mabaka ya theluji, nguzo za umeme moja baada ya nyingine.

"Sikiliza, mwanangu. Yakianza wekundu, najua mvua haiko mbali. Mvua ikianza, kuna makalavati matatu manne najua yatanisumbua. Kuna mahali tuta litalegea. Ng'ombe watahama, watakuwa upande ule wa mto, watavuka reli asubuhi. Kwa hiyo nikiona mti umekuwa mwekundu, naanza kupanga." Akanywa chai. "Sasa wewe sema, hapo nimetazama au sijatazama?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina uhakika. Nililelewa kwenye vitabu vinavyosema uzuri ni kile unachokitazama bila kutaka kukitumia. Ukikitumia, umeshatoka kwenye uzuri, umeingia sokoni. Kwa kipimo hicho baba mdogo alipita katikati ya bustani miaka 30 akiwa amefumba macho. Lakini mtu aliyefumba macho hakumbuki. Yeye alianza kunitajia: mti fulani karibu na stesheni fulani huwahi wenzake kwa wiki nzima; kuna kilima ambacho upande mmoja ni mwekundu na mwingine manjano; asubuhi saa kumi na mbili u nusu, jua likiwa nyuma ya treni inayokwenda Kigoma, msitu wote wa mbele unapata rangi moja na ishara nyekundu ya stesheni inapotea ndani yake, usipojua inapokaa unaweza kuipita. Alipofika hapo alinyanyua kidole kama mwalimu. Huo wekundu aliuogopa. Nadhani ndiyo maana aliujua.

Nami nikajiuliza nimekariri nini katika zile mara nne. Dhahabu. Theluji. Dhahabu tena.

Ospizio Bernina ni kilele, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kufika hapo njia inapita kando ya maziwa, na mawili ya mwisho yana majina ya mzaha wa kweli: Lej Nair, Ziwa Jeusi, kwa lugha ya Kiromanshi, na Lago Bianco, Ziwa Jeupe, kwa Kiitaliano. Jeupe limepauka kwa unga wa mawe unaoletwa na maji ya barafu. Yanatenganishwa na kipande kidogo cha ardhi ambacho treni inakipita kwa sekunde chache, lakini maji ya Jeusi yanakwenda mto Inn, kisha Danube, mpaka Bahari Nyeusi, na ya Jeupe yanateremka Italia mpaka Adriatiki. Maji ya Jeupe vilevile hushushwa kwenye mabomba kwenda mitambo ya umeme bondeni. Reli hii ni ya umeme tangu ilipofunguliwa, umeme wa maji ya mabonde haya haya. Kwa hiyo kuna namna ya kusema kwamba treni inapandishwa mlima na ziwa linaloshuka. Baba mdogo, aliyepumua moshi wa dizeli maisha yake yote ya kazi, aliikubali hesabu hiyo kwa kichwa tu. Alikuwa ameanza kukaa vibaya.

Kutoka Ospizio mpaka Tirano treni inashuka mita 1,824 katika njia isiyofika kilomita 40. Kwa abiria hapa ndipo sherehe ilipo. Alp Grüm, bonde lote liko wazi chini, ziwa la Poschiavo linametameta mbali kule kama sarafu chini ya kisima. Njia haiwezi kulifuata moja kwa moja; inajikunja, inarudi, inajikunja tena, ziwa liko kushoto, liko kulia, liko kushoto. Miti inarudi, lachi kwanza, dhahabu ile ile. Ukiwa mbele huoni chini. Unaona reli inafika ukingoni na kuishia hewani, kila kona, kisha dakika ya mwisho inapinda.

Mguu wa kulia wa baba mdogo ulikuwa unakandamiza zulia.

Treni nyingi zina kanyagio ambalo dereva lazima awe ameliweka chini ya mguu. Akizimia, akifa, akilala, mguu unalegea na treni inajifunga breki yenyewe. Ni kifaa kinachotaka kujua jambo moja tu kila wakati: bado upo? Sikumwambia kwamba namwona. Nilimsimulia badala yake mambo ya kufurahisha. Kwamba Oktoba 29, 2022, shirika la reli hiyo lilichagua siku ya majani ya dhahabu kama hii na njia ya jirani, ya Albula, likaunganisha mabehewa 100 kuwa treni moja ya abiria yenye urefu wa mita 1,906, ndefu kuliko zote duniani, ikateremka mlima kwa zaidi ya saa moja watu wakishangilia. Na madereva walikuwa saba ndani ya treni hiyo moja.

"Saba!" Mguu ulitulia kidogo. "Sasa breki anafunga nani?"

Nikasema walikuwa wanaambiana kwa simu, wafanye kwa pamoja.

"Mlimani?" Akatikisa kichwa muda mrefu. "Hapana. Hapana, hapana."

Kisha bila mimi kuuliza akasema jina moja: Igandu. Kila mtu wa reli kwetu akilitaja jina hilo huishia hapo. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa inapanda mlima pale ilianza kurudi nyuma, ikashika kasi ya mteremko, ikaenda kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Baba mdogo hakuwepo siku ile. Ila reli ni ile ile ya kati aliyoipita wiki moja kabla na wiki kadhaa baadaye, na alinieleza kitu kimoja tu, kwamba baada ya hapo, kila alipopanda mlima, alikuwa anafungua dirisha. Sikumuuliza asikie nini. Kwenye televisheni magurudumu yalikuwa yanalia kona ya Cavaglia, kilio chembamba, kirefu, na mkono usioonekana ulikuwa unaizuia treni kwa mota zile zile zilizoipandisha, maana kwenye mteremko zinageuzwa kuwa jenereta na badala ya kuvuta zinashikilia. Tulikaa kimya mpaka Poschiavo.

Kuanzia hapo ni nchi nyingine, ingawa mpaka bado. Nyumba zina maua madirishani, mapaa ni ya mawe, na katika kijiji cha Le Prese treni inapita barabarani kabisa, ukutani mwa watu, gari dogo linasubiri kwa heshima. Mwanamke mmoja anafagia mbele ya mlango wake. Majani aliyoyafagia, makubwa, ya kahawia, ameyarundika hatua mbili kutoka kwenye reli. Anasimama, ameshika ufagio, anaacha treni ipite, na kabla hatujampita unamwona ameshaanza tena. Mzee alimpigia makofi kidogo. Mimi sikuwahi kumwona, mara zote nne.

Brusio kuna daraja la duara, matao tisa ya mawe, treni inazunguka juu yake kama inayotafuta mkia wake, kisha inapita chini ya tao lake yenyewe na kuendelea na safari. Ndilo linalopigwa picha kuliko yote. Kwa kamera ya mbele ni kona tu inayoendelea kwa muda mrefu isivyo kawaida, nyasi, sanamu fulani katikati ya uwanja, kisha tao. Tulilipita haraka. Michesnati ilikuwa imegeuka rangi, na chini zaidi mizabibu.

Ukiingia Tirano, Italia, mita 429, treni inavuka uwanja wa kanisa kubwa, magari kushoto, watu wa baiskeli kulia, inatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Saa moja na ushei iliyopita palikuwa na theluji. Sasa kuna watu wamekaa nje wanakunywa kahawa, hakuna anayegeuka. Njia ikagawanyika, ikagawanyika tena, kizuizi cha mwisho kikatokea kama nukta, kikawa doa, kikawa kizuizi. Treni ikasimama bila kutikisika. Mkono uliingia kwenye picha kwa mara ya kwanza mchana, ukaelekea kwenye kamera, na picha ikazima.

Nilinyoosha mgongo. Nje ilikuwa jioni ya Tabora, vumbi limetulia, mwembe wa jirani haujasogeza jani. Nilikuwa najiandaa kumuuliza kipande gani amekipenda zaidi.

"Anaondoka nayo tena saa ngapi?" baba mdogo aliuliza.

"Nani?"

"Dereva. Si lazima airudishe juu?"

Nikasema sijui. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia tena ile televisheni nyeusi.

"Basi atapanda na jua machoni," alisema, akaondoa mguu kwenye zulia.